Wachunga Kondoo wa Hariri

Mwaka 1749 mchoraji François Boucher wa Paris alimaliza picha mbili za rangi ya mafuta, kila moja ndefu kuliko mtu mzima aliyesimama, zilizoagizwa kwa ajili ya kasri la Montigny-Lencoup, kusini-mashariki mwa jiji hilo. Katika ya kwanza kijana anamlisha msichana zabibu. Katika ya pili kijana anapuliza zumari ya mfuko na wasichana wamekaa kumsikiliza. Wote ni wachunga kondoo. Tunalijua hilo kwa sababu kondoo wapo, maana hakuna kingine kinachotuambia: nguo zao ni za hariri, utepe uko kila mahali, na nyayo zao, ingawa wako peku, ni safi kama za mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Aliyeziagiza ni Daniel-Charles Trudaine, mmoja wa maofisa wakubwa wa hazina ya Mfalme Louis wa 15 na msimamizi wa barabara na madaraja ya Ufaransa. Barabara hizo zilijengwa kwa shokoa. Wakulima waliitwa kutoka vijijini kwa amri, wakachimba mitaro, wakavunja mawe na kusomba kokoto kwa mikokoteni yao wenyewe, bila ujira. Mtu aliyeziamuru siku hizo za kazi ndiye aliyetaka, ukutani kwake, wanakijiji wanaolishana zabibu.

Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na picha za namna hii kwa kawaida hufasiriwa kwa busara hiyo: matajiri wa mjini hawakulijua shamba, wakajichorea ndoto. Naona Trudaine anaikwamisha methali. Alilijua shamba kwa ramani, kwa orodha za vijiji, kwa ripoti za wahandisi na malalamiko ya maparoko. Kama kulikuwa na mtu mjini Paris aliyejua mkulima wa Ufaransa anaamka saa ngapi na anadaiwa nini, ni yeye. Picha hizi hazikuzaliwa na ujinga. Zilitakiwa na watu waliojua, na hapo ndipo zinapoanza kuvutia.

Leo zote mbili ziko London, katika jumba la Hertford House lenye Mkusanyo wa Wallace. Mkusanyo huo wa sanaa ya Kifaransa ulijengwa kwa sehemu kubwa na Lodi Hertford wa nne, tajiri wa Kiingereza aliyeishi Paris karibu maisha yake yote na kuvinunua vitu vya karne ya 18 wakati Wafaransa wenyewe walikuwa wamevichoka. Fedha yake nyingi ilitoka kwenye kodi za wapangaji wa ardhi yake kuzunguka mji wa Lisburn, kaskazini mwa Ireland. Wapangaji hao aliwatembelea mara moja tu, mwaka 1845, mwaka ambao viazi vya Ireland vilianza kuoza mashambani. Inaelekea picha za malishoni hujua njia ya kurudi kwa watu wa aina moja.

Boucher na Trudaine walizaliwa mwaka mmoja, 1703, katika jiji moja. Walikuwa watoto wa miaka mitano na sita wakati wa majira ya baridi ya 1709, yaliyogandisha mito, yakaua mbegu zilizokuwa zimekwisha kupandwa na kuleta njaa ambayo hukadiriwa kuua watu laki sita. Mmoja alikuwa mtoto wa mchoraji wa kawaida tu, mwingine wa ukoo wa maofisa; baba yake baadaye aliongoza baraza la jiji la Paris. Trudaine alisomea sheria, na mwaka 1730 akapelekwa Auvergne akiwa, kwa cheo cha kwetu, mkuu wa mkoa. Auvergne ilikuwa milima, baridi na umaskini. Kila mwaka wanaume wake walihama kwa maelfu kutafuta vibarua katika mikoa mingine. Huko ndiko alikojifunza kazi.

Boucher alijifunza yake kwa kunakili. Akiwa kijana aliajiriwa kuchonga mabamba ya shaba ya kuchapishia michoro ya Antoine Watteau, ambaye alikuwa ameaga dunia mwaka 1721 akiwa na miaka 36 tu. Watteau ndiye aliyewatoa waungwana wa Paris kwenye kumbi na kuwaweka bustanini, chini ya miti, wakipiga gitaa na kunong'onezana, na wengine hata haijulikani kama wanaenda au wanarudi. Boucher alichonga zaidi ya mabamba mia moja ya mtu huyu. Akaenda Italia, akarudi, na mwaka 1734 akakubaliwa kuwa mwanachama kamili wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa. Alichora miungu ya Kirumi, Wachina wa kubuni, wanawake uchi, mapazia ya michezo ya kuigiza na mazulia ya ukutani ya kiwanda cha Beauvais. Hakuwa mvivu hata kidogo. Shambani aliwahi kufika pia, kwani kuna michoro yake ya vinu na vibanda iliyofanywa mbele ya vitu vyenyewe. Husimuliwa kwamba aliyaona maumbile kuwa ya kijani kupita kiasi na yenye mwanga mbaya.

Wachunga kondoo wake, hata hivyo, hawakutoka shambani. Walitoka gulioni.

Kila kiangazi, kaskazini mwa Paris, kulikuwa na gulio la Saint-Laurent, lenye vibanda vya vitambaa, vya vyakula na vya michezo. Sheria za michezo zilikuwa kali. Jumba la Comédie-Française lilishikilia haki ya tamthilia za maneno, na Opera ikashikilia haki ya kuimba. Wasanii wa gulioni walipopendwa mno, wakubwa hao waliwashtaki. Mwaka 1745 opera ya vichekesho ya gulioni ilifungwa. Charles-Simon Favart, mwana wa mwokaji wa keki aliyekuwa mwandishi wake mkuu, akaponea kwenye tundu la sindano: akatunga igizo bila neno hata moja. Liliitwa Les Vendanges de Tempé, yaani mavuno ya zabibu ya Tempé, bonde la Wagiriki ambalo washairi wa kale waliligeuza nchi ya raha. Mchunga kondoo mdogo anampenda Lisette, anampigia muziki, anamlisha zabibu, na yote hayo husemwa kwa mikono na macho.

Boucher alikuwa rafiki wa Favart. Kati ya 1747 na 1749 alichora matukio ya igizo hilo moja baada ya jingine. Picha yake ya vijana wakila zabibu ya mwaka 1747 iko Chicago, somo la filimbi la 1748 liko Melbourne, na zile za Trudaine zikafuata. Ndiyo sababu watu wake hawafumbui midomo na mikono yao imekaa kama ya wachezaji. Watazamaji wa leo huuona ukimya ule na kuuita utulivu wa mashambani. Ulitokana na marufuku.

Kutoka kwenye turubai wachunga kondoo wale walishuka mezani. Kiwanda cha kauri cha Vincennes, kilichohamia Sèvres mwaka 1756, kilifinyanga Lisette na mpenzi wake kwa kauri nyeupe isiyong'arishwa, kwa kufuata michoro ya Boucher. Madame de Pompadour, kipenzi cha mfalme, alitaka wanawake wa mawe wanaokama maziwa na kusukasuka siagi kwa ajili ya nyumba ya maziwa katika kasri lake la Crécy, na Boucher akatoa michoro. Ilifika mahali ambapo mtu wa daraja la juu mjini Paris aliweza kumtazama mchunga kondoo ukutani, akamkalia kitini, akanywea kikombe chenye sura yake, na asikutane na wa kweli mwaka mzima.

Nguo za jukwaani zilikuwa zile zile za pichani hadi Agosti 1753, wakati Justine, mke wa Favart, alipotokea kuigiza msichana wa kijijini aitwaye Bastienne. Desturi ilimtaka mwigizaji avae sketi pana yenye fremu, glovu ndefu na almasi. Yeye aliingia na gauni la sufu, mikono wazi, nywele bila madoido, na miguuni viatu vya mbao, ndugu wa mitalawanda yetu. Watu walishtuka, kisha wakashangilia. Carle Van Loo akamchora na viatu vyake. Ni jambo dogo, lakini nalipa uzito, kwa sababu mwanamke huyu alifanya kwa jozi moja ya viatu kile ambacho wachoraji wa Chuo hawakuthubutu kwa miaka mingine mingi.

Sasa turudi kwa mwenye kasri. Shokoa ya barabara haikuanzishwa na Trudaine. Ilikuwa imetumika huku na huko, na mwaka 1738 waziri wa fedha Philibert Orry akaieneza kwa waraka mmoja. Trudaine alipokabidhiwa barabara na madaraja miaka michache baadaye, aliirithi na kuifanya ifanye kazi kwa utaratibu. Wanavijiji waishio karibu na barabara inayojengwa walipangiwa kipande chao. Waliitwa wanaume wenye nguvu, pamoja na farasi, ng'ombe na mikokoteni. Siku zilitofautiana mkoa hata mkoa. Mahali pengine ni chache, pengine zilifika mwezi na kupita. Kabaila hakuitwa, padri hakuitwa, mkazi wa mji mkubwa hakuitwa. Asiyefika alitozwa faini au akafungwa. Na barabara yenyewe, pana na nyoofu, ilimfaa zaidi mwenye gari la farasi wanne kuliko mwenye mguu wake.

Trudaine hakuwa mkatili, wala sitaki kumfanya hivyo ili hadithi inoge. Mwaka 1747 ilianzishwa chini yake shule ya wahandisi wa barabara na madaraja, ikiongozwa na Jean-Rodolphe Perronet, na shule hiyo ingali hai. Alimwunga mkono Turgot, mkuu wa mkoa wa Limousin, alipotaka kazi hiyo ilipwe kwa kodi badala ya jasho. Pia aliagiza ramani za barabara zote za mfalme, kazi iliyoanza mwaka 1745 na kuendelea hata baada ya kifo chake, ikafikia majuzuu 62 yenye karatasi zipatazo 3,000, zote zimechorwa na kupakwa rangi kwa mkono. Mashamba yamo, mizabibu imo, kila safu ya miti na kila kinu. Hazina watu. Kwa hiyo Trudaine alikuwa na vijiji vya aina mbili: vya ofisini, ambavyo vilikuwa sahihi na vitupu, na vya sebuleni, vilivyokuwa na watu ambao si wa mahali popote.

Montigny-Lencoup iko katika eneo la Brie, ghala la ngano la Paris. Huko kondoo alifugwa kwanza kwa ajili ya samadi, sufu ikafuata. Usiku mchunga kondoo aliwafungia ndani ya uzio wa vipande vya mbao, akauhamisha uzio hatua kwa hatua hadi shamba lote likawa limepata mbolea, na kuamka usiku kuuhamisha kulikuwa sehemu ya ajira yake. Alilala ndani ya kibanda chembamba chenye magurudumu kilichofuata uzio. Fimbo yake ilikuwa na kipande cha chuma mfano wa kijiko bapa, cha kuchotea donge la udongo na kumrushia kondoo aliyepotea njia. Fimbo hiyo imo katika picha za Boucher. Imefungwa utepe.

Watoto ndio waliochunga zaidi katika mikoa ya milimani. Tarehe 30 Juni 1764, msichana wa miaka 14 aitwaye Jeanne Boulet aliuawa na mnyama akiwa machungani kusini mwa Ufaransa. Katika miaka mitatu iliyofuata takriban watu mia moja waliuawa katika nchi ya Gévaudan na jirani zake, wengi wao watoto na wanawake waliotoka na mifugo, na jina la Mnyama wa Gévaudan likafika hadi magazeti ya London. Tarehe 12 Januari 1765, katika baridi kali, watoto saba waliokuwa wakichunga ng'ombe karibu na Chanaleilles walivamiwa. Walikuwa na fimbo zilizofungwa vyuma nchani. Mnyama alimkamata mdogo mmoja, akamburuta. Wengine walitaka kukimbia, lakini Jacques Portefaix, mwenye umri wa miaka 12 hivi, aliwazuia; wakamfuata mnyama hadi kwenye tope, wakamchoma na kumchoma usoni mpaka akamwachia mwenzao. Habari zilipofika Versailles, Louis wa 15 alimzawadia Portefaix livre 300 na kugharimia masomo yake. Alikuja kuwa ofisa wa jeshi la mizinga.

Agosti ya mwaka huo huo, mfalme yuleyule alimpandisha Boucher kuwa Mchoraji wa Kwanza wa Mfalme, cheo cha juu kabisa cha kazi yake. Hakuna mtu aliyeomba picha ya watoto wale kwa ukuta wa kasri. Picha rahisi za kuchapwa za mnyama zilitembea mikononi mwa watu, meno nje, lakini mchunga kondoo wa sebuleni aliendelea kupuliza zumari.

Mmoja alikasirika kwa sauti, na sauti yenyewe ilisikika mbali. Denis Diderot, mwana wa mfua visu wa Langres, alikuwa akiandika mapitio ya maonyesho ya Chuo kwa ajili ya jarida la Melchior Grimm, lililonakiliwa kwa mkono na kutumwa kwa wasomaji wachache wa nje, akiwemo malkia wa Urusi. Mwaka 1761 aliuliza ni wapi mtu amewaona wachunga kondoo waliopambwa vile, na kwa nini vitu vyote vile vimekusanywa porini pamoja. Alimkubalia Boucher rangi, ustadi na wingi wa mawazo. Alichomnyima ni ukweli. Tena alikiri kwamba macho hayabanduki. Kufikia 1765 subira ilikuwa imemwishia, na matusi yake ya mwaka huo hayana haya. Kwa jinsi jarida lile lilivyosambazwa, huenda Boucher mwenyewe hakuyaona.

Diderot alikuwa na mtu wake. Katika maonyesho yaleyale ya 1761 watu walisongamana mbele ya picha ya Jean-Baptiste Greuze inayoonyesha posa kijijini. Baba mzee amekwisha kumkabidhi mkwe mfuko wa mahari ya binti, mthibitishaji yuko mezani na hati, mama amemshika bintiye mkono, na sakafuni kuku na vifaranga wake wanadonoa. Hakuna hariri pale, na pesa zimetajwa wazi. Nadhani Diderot alidanganywa na nguo. Wanakijiji wa Greuze wana mikono ya kazi, ila hawana deni, hawana ugomvi na kabaila, na kila mmoja analia pale anapotakiwa kulia. Aliyeinunua ni Marigny, ndugu wa Madame de Pompadour na msimamizi wa majengo ya mfalme. Aliyekuwa amekerwa na utepe alipewa machozi, naye akaridhika.

Waingereza walilitatua tatizo hili kwa njia yao. Thomas Gainsborough, yapata 1750, aliwachora Bwana na Bibi Andrews wakiwa kwenye ardhi yao huko Essex, na miganda ya ngano iliyovunwa imesimama kando yao kwenye mistari iliyonyooka. Waliovuna hawamo.

Trudaine, tuseme tena, aliwajua kondoo wa kweli. Mwaka 1766 alimpa mwanasayansi Louis Daubenton kazi ya kutafuta jinsi ya kuboresha sufu ya Ufaransa, maana sufu laini ilinunuliwa Hispania kwa fedha nyingi. Daubenton, bingwa wa kupasua na kulinganisha miili ya wanyama, alianzisha zizi Montbard huko Burgundy. Alikuta wafugaji wakiwafungia kondoo ndani majira yote ya baridi, kwenye mabanda yasiyopitisha hewa, katika joto na harufu ya mkojo, wakidhani wanawakinga. Yeye akawaacha nje, mvua na theluji, mwaka baada ya mwaka, na wakastawi. Matokeo aliyaandika katika kitabu cha mafunzo kwa wachunga kondoo cha mwaka 1782, kwa mtindo wa maswali na majibu: fimbo iweje, mbwa afunzwe vipi, damu itolewe wapi kondoo akiugua. Kwangu hiki ndicho kitabu cha karne ile kinachomchukulia mchunga kondoo kama mtu mwenye fani.

Trudaine alifariki Januari 1769, Boucher Mei 1770. Mwana wa Trudaine akashika nafasi yake, na Turgot akawa waziri wa fedha. Turgot alifungulia biashara ya nafaka, mavuno yakawa mabaya, bei ya mkate ikapanda, na majira ya kuchipua ya 1775 wanavijiji kuzunguka Paris, Brie ikiwemo, wakavamia masoko na maghala. Kwa kawaida hawakuiba: walichukua ngano na kulipa bei waliyoiona ya haki. Fujo zilivuka mia tatu katika wiki chache, na watu wawili wakanyongwa hadharani Paris. Mapema mwaka 1776 Turgot alifuta shokoa ya barabara na kutaka wenye ardhi walipe kodi badala yake. Mei akafukuzwa kazi. Agosti shokoa ikarudishwa.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Septemba 1776, mbali kabisa na Brie, mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alitiliana saini mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kichwa, wa kupelekwa Isle de France na Bourbon, visiwa tunavyoviita leo Mauritius na Réunion. Bourbon ilikuwa ikilima kahawa tangu miaka ya mwanzo ya karne hiyo. Kahawa nyingi zaidi ya Paris ilitoka koloni la Saint-Domingue, nayo ilichumwa kwa mikono ya namna ileile. Vile vikombe vya Sèvres vyenye watoto wa Boucher na vikondoo vyao vilitengenezwa kwa kinywaji hicho, na kibakuli cha sukari kilikaa pembeni. Mtu akikishika kimoja makumbushoni na kusifu wepesi wake, ana haki. Ni chepesi kweli.

Mwaka 1783 malkia Marie Antoinette alianza kujengewa kijiji chake ndani ya bustani ya Versailles. Msanifu alikuwa Richard Mique. Nyumba ziliezekwa nyasi, na kuta mpya zikachorwa nyufa ili zionekane kuukuu. Hadithi kwamba malkia alivaa kama mkama maziwa na kukamua ng'ombe mwenyewe haina ushahidi imara. Kilichokuwepo kinatosha: shamba halisi lenye ng'ombe, mbuzi na kondoo, chini ya mkulima Valy Bussard aliyeletwa kutoka Touraine. Nyumba za maziwa zilikuwa mbili. Katika moja maziwa yalifanyiwa kazi na siagi ikatengenezwa. Ya pili, yenye marumaru na vyombo vya kauri, ilikuwa ya malkia na wageni wake kuonja.

Tarehe 12 Julai 1789, mwandishi wa kilimo Mwingereza Arthur Young alikuwa akipanda kilima mashariki mwa Ufaransa, ameshuka ili kumpumzisha farasi wake. Young alizisifu barabara za Ufaransa mara nyingi, pana na imara, akishangaa zilivyo tupu na kukumbuka zilijengwa kwa jasho la nani. Mwanamke maskini alijiunga naye, wakatembea pamoja. Mumewe ana kipande cha ardhi, ng'ombe mmoja na farasi mdogo. Wana watoto saba. Kabaila mmoja anadai ngano na kuku watatu kila mwaka, wa pili anadai shayiri, kuku mmoja na sarafu moja, na juu ya hayo kuna kodi za mfalme. Alikuwa amesikia kwamba wakubwa fulani watafanya jambo kwa ajili ya watu kama yeye, ila hakujua ni nani wala vipi. Young alimdhania ana miaka 60 au 70. Alikuwa na 28. Siku mbili baadaye gereza la Bastille mjini Paris lilitekwa, na Mapinduzi ya Ufaransa yakapamba moto.

Kasri la Montigny lilikuwa sasa mikononi mwa wajukuu wawili wa Trudaine, vijana wenye elimu waliopenda mageuzi. Picha za babu yao zilikuwa zimepitwa na wakati. Ni kwa agizo la familia yao Jacques-Louis David alichora kifo cha Socrates, kazi iliyotikisa maonyesho ya 1787. Ni David huyu ambaye, alipokuwa kijana, alipelekwa na jamaa zake kwa Boucher ajifunze, na Boucher akamwelekeza kwa mwalimu mwingine. Rafiki yao mkubwa alikuwa André Chénier, mshairi aliyewatungia wachunga kondoo wa Kigiriki mashairi mazuri kuliko yote ya Kifaransa ya aina hiyo. Chénier alikatwa kichwa tarehe 25 Julai 1794. Wajukuu wale wawili wa Trudaine walimfuata tarehe 26. Tarehe 27 Robespierre, kiongozi wa utawala huo wa kukata vichwa, aliangushwa.

Katika kipindi hichohicho, Daubenton, mzee wa karibu miaka 80 aliyekuwa amepewa kazi ya kondoo na babu yao, alihitaji cheti cha uzalendo ili abaki kazini kwenye jumba la makumbusho ya viumbe mjini Paris. Profesa na mwanachama wa Chuo cha Kifalme cha Sayansi aliyefutiwa chuo chake angeweza kukataliwa. Mwanasayansi Cuvier, aliyeyasimulia maisha yake, anasema watu wenye busara walimtambulisha kwa kamati ya mtaa kuwa ni mchunga kondoo Daubenton. Kamati ikamgongea muhuri, na mchunga kondoo Daubenton akarudi kufundisha elimu ya madini.